Ukindu, udongo na magome: je, sanaa ya vitu vya asili huwasogeza watoto karibu na maumbile?

Mwalimu wa Kaole (Bagamoyo) ameuliza:

Ndugu wasomaji, ninawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Bagamoyo, na baada ya masomo ninasimamia klabu ya sanaa ya wanafunzi wa darasa la nne hadi la sita. Mwaka huu tumekubaliana kwamba hatutanunua tena rangi za dukani wala karatasi za manila, bali tutafanya kazi kwa vitu vinavyopatikana katika mazingira yetu wenyewe: ukindu na miyaa (majani ya kusukia), udongo wa rangi mbalimbali, makumbi ya nazi, mbegu, makombe ya ufukweni na vipande vya miti. Uhaba wa fedha umechangia uamuzi huo, lakini si sababu kubwa. Watoto ninaowafundisha wanaishi jirani kabisa na mikoko, na hata hivyo wengi wao hawawezi kutofautisha mkandaa na mchu, aina mbili za miti ya mikoko. Wanalalia mkeka bila kuujua mti uliotoa ukindu wake. Ninatamani mikono yao iwafikishe mahali ambapo kitabu cha sayansi hakijawafikisha.

Kinachonipa mashaka ni hiki. Watoto wakiambiwa walete vitu vya asili, hurudi na mafurushi ya majani mabichi, maua na matawi, huyabandika kwenye boksi, hupongezwa, na siku chache baadaye kila kitu kimenyauka na kutupwa jalalani. Furaha huwapo, nami siidharau, ila sioni kama mtoto aliyefanya hivyo ameukaribia mti zaidi kuliko yule aliyepita tu chini ya kivuli chake. Naogopa tusije tukawa tunawafundisha kwamba msitu ni duka lisilo na bei.

Kwa hiyo ninaomba msaada wenu. Kwanza, ni rangi zipi za mimea zinazoshika kwenye ukindu na kudumu? Pili, ni vitu gani vya asili ambavyo sipaswi kabisa kuwaruhusu watoto wavichukue, ama kwa usalama wao au kwa usalama wa vitu hivyo? Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, kuna yeyote kati yenu ambaye kazi ya mikono ya namna hii imemfanya ajihisi kweli kuwa sehemu ya maumbile, na kama ndivyo, ni nini hasa kilicholeta hali hiyo?

Bi Ukili (Wete) amejibu:

Mwalimu, salamu zako zimenifikia huku Pemba, nami nashukuru kwa swali lililoulizwa kwa moyo wa dhati. Nimesuka tangu utotoni, na wanawake wa ukoo wetu walisuka kabla yangu. Nitaanza na mti wenyewe, kwa sababu rangi ni hatua ya baadaye sana.

Mkindu huota kwa mafungu ya mashina mengi kwenye mabonde yenye maji na kandokando ya vijito. Kinachochukuliwa ni jani changa la katikati ambalo bado limefumba, kwa kuwa jani lililokwisha kufunguka huwa gumu na halisukiki vizuri. Hapo ndipo lilipo somo la kwanza kwa wanafunzi wako: kila shina la mkindu lina kilele kimoja tu cha kukulia, na kilele hicho kikikatwa, shina lote hufa. Mkataji mzuri hulikata jani na kukiacha kilele, kisha huliacha jani linalofuata lifunguke na kuulisha mti kabla ya kurudi kwenye shina lilelile. Karibu na shina la mti, vijani vya kila kuti vimegeuka kuwa miiba mikali, kwa hiyo kazi ya kukata ifanywe na mtu mzima, na watoto wasimame pembeni watazame.

Baada ya kukatwa, vijani hutenganishwa na uti, hufungwa matita na kuanikwa juani kwa siku kadhaa mpaka kijani kififie na ubaki weupe wenye umanjano kidogo. Ukindu ulioanikwa ukipigwa na mvua huingia madoa ambayo hayatoki tena, ndiyo maana msusi huangalia mawingu kabla ya jambo jingine lolote asubuhi. Kisha huchanwa kwa upana unaotakiwa: ukindu mwembamba hutoa ukili (utepe mrefu uliosukwa) laini wa msala, na ule mpana hutoa ukili wa mkeka wa kawaida. Wakati wa kusuka uwe na unyevu kidogo, kwani ukikauka mno hukatika. Ukili ukishafikia urefu wa kutosha, vipande vyake hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka upatikane. Watoto wasianze na mkeka mzima. Ukili mmoja mwembamba wenye kingo zilizonyooka ni kazi iliyokamilika, na unaweza kutundikwa ukutani ukapendeza kuliko picha nyingi.

Sasa rangi. Siku hizi wengi wetu tunatumia rangi za unga za dukani kwa sababu zinang'aa na mnunuzi anazipenda, lakini za mimea bado zinafanya kazi kwa anayekubali rangi tulivu. Manjano ya kupikia hutoa umanjano mkali mara moja, ila jua huila rangi hiyo haraka, na sabuni au majivu huigeuza kuwa nyekundu ya kahawia. Itumie kwa kazi za ndani tu. Gome la mkandaa hutoa wekundu wa kahawia unaodumu sana, kwa sababu lina utomvu mkali uleule unaotumika kulainisha ngozi za wanyama. Mizizi ya mdaa ilitumiwa na wazee wetu kupata rangi nyeusi. Maganda makavu ya vitunguu maji hutoa rangi ya dhahabu iliyokolea, na majani machanga ya mtiki hutoa wekundu ambao huwashangaza watoto, maana jani lenyewe ni la kijani mpaka ulifikiche.

Ili rangi ishike, tafuta shabu, ile chumvi ya madini inayoshikisha rangi. Kwa kila gramu 100 za ukindu mkavu, yeyusha gramu 10 hadi 15 za shabu katika maji ya moto, loweka ukindu humo usiku kucha, ndipo uuchemshe pamoja na mmea wa rangi. Uzito wa mmea usipungue uzito wa ukindu, na ukizidi mara mbili ni bora zaidi. Ukitaka weusi, chukua ukindu uliokwisha kutiwa rangi ya gome na uuloweke kwenye maji yaliyolala na misumari yenye kutu, au uuzike kwa muda katika tope jeusi la pwani. Chuma kilichomo kwenye kutu au tope hukutana na utomvu wa gome na kuugeuza kuwa mweusi. Usiuache humo kupita kiasi, kwani chuma kingi huudhoofisha ukindu.

Kuhusu swali lako la tatu, nitasema ninavyoliona. Sisi hatukusuka ili tujihisi kuwa karibu na miti. Tulisuka kwa sababu nyumba ilihitaji mkeka, msikiti ulihitaji misala, na mtoto alihitaji ada ya shule. Lakini ninalifahamu kila fungu la mikindu la bonde letu, najua lipi limechoka na lipi limepumzika, na mtu akikata kilele kwa pupa moyo wangu huuma kana kwamba amenikosea mimi. Sijui kama hilo ndilo unaloliita ukaribu. Kwangu mimi halikutoka kwenye kusuka kwenyewe. Lilitoka kwenye kurudi kwa mti uleule mwaka baada ya mwaka na kuuona umefanya nini tangu nilipouacha.

Mhifadhi Mstaafu (Tanga) amejibu:

Shikamoo Bi Ukili. Maelezo yako yametosheleza kuhusu ukindu, nami nitaongeza machache tu kuhusu gome la mkandaa, kwa kuwa Mwalimu yuko Bara na watoto wake wanaishi karibu na mikoko.

Mwalimu, misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi kisheria, na kukata au kubandua magome kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Sheria hiyo ina sababu iliyo wazi kwa yeyote anayejua jinsi mti unavyoishi. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia tabaka la ndani la gome, kwa hiyo mkandaa ukibanduliwa gome pande zote za shina, mizizi hufa njaa na mti hufuata, hata kama majani yataendelea kuonekana ya kijani kwa muda. Ukitaka gome, lipate kutoka kwenye nguzo zilizokwisha kuvunwa kwa kibali, ambazo magome yake kwa kawaida hutupwa. Lasivyo, tumia magome ya mwembe uliopogolewa, majani ya mpera au maganda ya komamanga, kwani yote yana utomvu wa aina hiyo na hakuna anayeumia kwa kuyatumia. Wenzetu wa Lushoto na Njombe wana miwati, miti iliyopandwa hasa kwa ajili ya gome lake.

Hata hivyo, wapeleke watoto mikokoni. Waache waokote majani ya manjano yaliyoanguka na ile michirizi mirefu ya kijani ya mkandaa na mkoko, ambayo ni miche iliyoanza kuota ikiwa bado inaning'inia juu ya mti mama. Waichore, waisuke kwenye fremu ya vijiti kama wanataka, na iliyo mizima waichomeke topeni kabla ya kuondoka, mahali ambapo mzee wa kijiji au afisa wa misitu ameonyesha kwamba panafaa.

Kwa upande wa usalama, kuna vitu ambavyo mwalimu wa sanaa hana budi kuvijua. Turituri, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi zinazopendwa kwa shanga, zina sumu kali mno. Mbegu nzima ina ganda gumu, lakini ikitobolewa au ikitafunwa inaweza kuua, na kazi ya shanga huhitaji kutoboa; kwa hiyo zisiingie darasani kabisa. Utomvu mweupe wa mnyaa unaopandwa kuwa ua wa nyumba huunguza macho na unaweza kupofusha kwa muda. Ganda bichi la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na kulichoma hutoa moshi unaowasha vibaya. Badala ya hizo, tumieni kokwa za ukwaju, mbegu za maboga, na vipande vya vifuu vya nazi vilivyosuguliwa, ambavyo hung'aa vizuri bila vanishi yoyote.

Makombe nayo yana wenyewe. Wachukue yale yaliyovunjika na kutobolewa na mawimbi, wasichukue yaliyo mazima, hata yakiwa matupu, maana kuna kaa wadogo wenye tumbo laini lisilo na gamba gumu ambao huhamia ndani ya makombe matupu na hawana makazi mengine. Mtoto akimwona kaa mmoja tu akibadilisha kombe, hutahitaji kumkumbusha katazo hilo tena.

Mjukuu wa Kagera (Kampala) amejibu:

Ninaungana na Mzee Mhifadhi kwa heshima zote, na kwa mkandaa anayosema ni kweli tupu. Naomba tu niongeze kwamba upo mti unaobanduliwa gome shina zima na usife, kwa sababu mfano wake unagusa moja kwa moja swali la tatu la Mwalimu.

Waganda huuita mutuba, nao ni wa jamii ya mikuyu. Nguo ya gome lake ilivaliwa na Waganda kwa karne nyingi, na huko kwetu Kagera Wahaya pia waliivaa na kuiita lubugo. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo wa Uganda kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mpaka leo nguo hiyo hutumika katika mazishi na katika sherehe za kifalme, na wapo wasanii wa Kampala wanaoichora, kuishona na kuitengenezea mavazi ya kisasa.

Fundi huvuna gome wakati wa mvua, mti unapokuwa na maji mengi na gome linapoachia kwa urahisi. Hukwangua kwanza ngozi ya juu iliyo ngumu, hupasua gome kwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini, na kulibandua taratibu kwa kabari iliyochongwa kwenye shina la mgomba ili chuma kisiliguse tabaka laini lililo hai chini yake. Saa hiyohiyo shina lililobaki uchi hufungwa kwa majani ya mgomba. Unyevu unaobaki humo hulilinda tabaka lile hai, nalo huota gome jipya. Gome lililovunwa hupashwa moto, kisha hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia nyundo yenye mifereji mipana hadi ile yenye mifereji myembamba kabisa, mpaka kipande chembamba kinatanuka mara kadhaa upana wake wa awali. Jua ndilo linaloleta rangi ile ya udongo uliochomwa. Mti huohuo huvunwa tena mwaka ujao na miaka mingine mingi baadaye, na gome la mavuno yanayofuata huwa laini kuliko la kwanza.

Mimi si fundi, ila nimekaa na mafundi muda mrefu kwa ajili ya kazi yangu ya kupiga picha. Nilichokiona ni kwamba katika kazi ile nusu ya ufundi ni kutengeneza nguo na nusu ni kuuguza mti. Fundi akishamaliza kufunga majani ya mgomba, huzunguka shina akalikagua kila upande kabla hata hajalitazama gome alilolipata. Ndiyo maana, Mwalimu, ninadhani tatizo la mafurushi ya majani haliko kwa watoto. Kazi waliyopewa haina sehemu inayowarudisha kwa mti baada ya kuchukua.

Mchongaji wa Mtwara amejibu:

Nimesoma yote, na nina neno tofauti kidogo. Tusiwaahidi watoto kwamba kila anayeshika kitu cha asili atajihisi karibu na maumbile. Nimefanya kazi na wachongaji wengi ambao kwao mpingo ni gogo lililokuja kwa lori. Hawajawahi kuuona ukiwa umesimama, hawajui maua yake, na hilo haliwazuii kuwa mafundi hodari.

Ninachokijua mimi ni kwamba mti wenyewe hukufundisha kusikiliza ukiutumia kwa subira. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Nje una tabaka jeupe lenye umanjano, na ndani ndimo mlimo na moyo mweusi, ambao mara nyingi una nyufa, mashimo na mikunjo isiyoonekana mpaka tezo limeshaingia. Mchongaji wa Kimakonde anayejua kazi haupi mti umbo alilolitaka tangu nyumbani. Hufuata mkunjo uliopo. Mtindo wa shetani, ambao mwanzilishi wake anatajwa kuwa Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, umejaa maungo yaliyopinda na matundu yaliyoachwa wazi, na ukiutazama kwa makini utaona jinsi gogo na mchongaji walivyokubaliana. Vinyago vya ujamaa navyo, vyenye watu waliobebana kuanzia chini hadi juu, hufuata urefu na unene wa gogo lilivyokuwa likiishi.

Lakini mpingo hukua polepole sana, huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuchongwa, na si mti wa kuwapa wanafunzi wafanyie mazoezi. Tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Wilayani Kilwa viko vijiji vinavyoisimamia misitu yake vyenyewe, ambavyo mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, na mti ukiuzwa fedha hubaki kijijini. Ningependa kila mchongaji ajue gogo lake limetoka kijiji gani. Kwa watoto wako tumia mwarobaini au mwembe uliopogolewa. Wachongaji wengi wa Kikamba wa Pwani ya Kenya waliigeukia miti hiyo baada ya muhugu na mpingo kuwa adimu, na vinyago vyao vinauzika. Wape watoto vipande vyenye vifundo na mikunjo, usiwape ubao ulionyooka, na uwaambie wakae navyo kabla ya kuanza kukata.

Mwalimu wa Kaole amejibu:

Nawashukuru sana. Bi Ukili, shikamoo uliyopewa humu ni haki yako, nami pia nakupa yangu. Nimeyasoma maelezo yako mbele ya walimu wenzangu, na mmoja wao ametuonyesha bonde lenye mikindu lililo karibu na shule, katika shamba la mzazi aliyekubali tulitumie. Mpango wetu sasa ni kwamba kila kikundi cha watoto kitapewa fungu lake la mikindu, kitalichora kila mwezi kwenye daftari, kitaandika ni jani lipi limefunguka na lipi limekatwa, na hakitapata ukindu mwingine isipokuwa kutoka kwenye fungu hilohilo. Wakitumia vibaya watasubiri, na wakitunza watasuka.

Ndugu wa Kampala, sentensi yako kuhusu kazi isiyomrudisha mtoto kwa mti imenifanya nibadilishe hata namna ya kutoa maksi: daftari la mti litahesabiwa sawa na kazi iliyosukwa. Na Mchongaji, nimepokea angalizo lako. Sitaahidi hisia yoyote, nitapanga kazi tu.

Nimebakiwa na maswali mawili madogo. Tunataka kuchora kwenye ukuta wa darasa kwa rangi za udongo: tunautengenezaje ili usipukutike? Na ukindu wetu wa kwanza, ambao tuliununua, umeanza kuota ukungu kabatini. Tufanye nini?

Binti wa Kondoa (Dodoma) amejibu:

Mwalimu, swali la udongo nitalijibu mimi, kwa sababu nimekulia jirani na miamba ya Kolo, ambako michoro ya kale ya watu, twiga na pofu imedumu maweni kwa muda mrefu kupita kumbukumbu za ukoo wowote. Eneo hilo limo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006. Michoro ya kale zaidi ni myekundu, na wekundu wake ni wa madini ya chuma, yaani kutu ya ardhi yenyewe. Rangi ya aina hiyo haiogopi jua. Ndiyo tofauti yake kubwa na manjano au hina.

Chimbeni udongo mwekundu, wa kahawia na wa manjano kutoka sehemu mbalimbali, na watoto waandike kila mmoja umetoka wapi. Weupe mtaupata kwenye chokaa au kwenye udongo mweupe wa vilima vya Pugu, na weusi kwenye mkaa uliosagwa. Udongo uwekwe ndooni, umwagiwe maji mengi, ukorogwe, kisha uachwe kwa muda mfupi ili mchanga utuame. Yale maji yenye rangi mmiminie kwenye chombo kingine kabla hayajatulia. Huko yaache yatuame kabisa, mwage maji ya juu, na kile kilichobaki chini, kilicho laini kama poda, mkianike. Hiyo ndiyo rangi yenu. Rudieni uchujaji mara mbili kama bado mnahisi chembechembe mkiisugua vidoleni.

Udongo peke yake hupukutika kwa sababu hauna kitu cha kuufungamanisha. Kwa karatasi au boksi, changanyeni na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa majini au kiini cha yai. Kwa ukuta, uji mwepesi wa unga wa muhogo uliopikwa ukapoa unatosha kabisa kwa ukuta wa ndani. Tabaka ziwe nyembamba, na ya pili ipakwe baada ya ya kwanza kukauka, maana tabaka nene hupasuka. Wenzetu wa mashariki mwa Rwanda hutengeneza sanaa ya imigongo kwa kufinyanga mistari ya samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu juu ya ubao, kisha huipaka rangi za udongo. Jaribuni na hiyo watoto watakapozoea, kwani samadi ikikauka vizuri haina harufu na hushika imara.

Mkimaliza ukuta, bandikeni chini yake ramani ya mahali kila udongo ulipochimbwa. Mtu akiitazama picha hiyo atakuwa anaitazama ardhi ya kijiji chenu kipande kwa kipande, na watoto watajua ni nani aliyeleta kipi.

Bi Ukili amejibu:

Marahaba, wanangu wote. Mwalimu, ukungu wa ukindu una dawa ikiwa haujaingia ndani. Utoe wote kabatini, uutandaze juani kwa siku nzima, kisha uufute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya ndimu na uuanike tena mpaka usikie unakwaruza mkononi. Ule uliokwisha kuwa na madoa meusi uutie rangi ya gome na kutu, utafaa kwa sehemu nyeusi za pambo. Usiufungie tena kabatini wala kwenye mfuko wa plastiki. Ufungeni matita na kuyatundika juu karibu na dari, mahali penye upepo, au palipo na moshi wa jiko kama shule ina jiko la kuni, kwa sababu moshi huwazuia pia wadudu.

Ule mpango wa kila kikundi na fungu lake nimeupenda. Ila msikate chochote katika msimu huu wa kwanza. Waacheni watoto walifahamu fungu lao kwanza, wajue mashina ni mangapi na yapi yana kilele kizima, na kwa sasa wajifunze mkono kwa miyaa ya mkoche, ambayo huko kwenu ni mingi na ni migumu kidogo, lakini inamvumilia anayeanza. Wakishaweza kusuka ukili ulionyooka bila kutazama vidole vyao, niandikie, nami nitakueleza jinsi ya kuingiza rangi ya pili katikati ya ukili.